Rodi Inanata, Mshono Unabanduka: Pa Kuanzia Ukijifunza Kuchomelea Peke Yako

Zile mashine ndogo za inveta zimewaponza vijana wengi wa Mombasa, nami nikiwemo. Unaibeba kwa mkono mmoja, unaichomeka kwenye soketi ya nyumbani, na kwa kuwa umewahi kusimama nje ya banda la fundi ukamtazama akifunga geti, unaona kazi yenyewe si ngumu. Nilianza hivyo uani kwetu Kisauni, chini ya mwembe, na rodi ya kwanza ikanata kwenye chuma kabla hata cheche haijaruka. Siku hizi vijana wa mtaa huja na vipande vyao mkononi, wakiuliza. Shida wanazokuja nazo ni zilezile, kwa hiyo nimeziandika kwa dalili, na kila dalili inaanza na sababu inayotokea sana.

Nachukulia kwamba una inveta ya kuchomelea kwa rodi, rodi za E6013 geji 12 (unene wa milimita 2.5), grainda, brashi ya waya, nyundo ya kubandua gamba (dawa ya rodi iliyoyeyuka ikagandia juu ya mshono), glavu za ngozi, na kofia ya kuchomelea yenye kioo cha namba 10 au 11. E6013 ndiyo rodi ya mwanafunzi. Ile 60 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. 1 inayofuata ina maana rodi inafanya kazi katika mkao wowote. Na tarakimu ya mwisho inahusu dawa, yaani ule ukoko uliopakwa juu ya waya, na aina ya umeme inaoukubali. Ukipewa 7018 ya bure, shukuru, uiweke. Si ya kuanzia.

Nguo nazo: shati la pamba la mikono mirefu, suruali nzito isiyokunjwa chini, viatu vya kufunika mguu. Najua joto letu. Lakini kikoi na ndara na cheche havipatani, na tone moja la chuma likiingia katikati ya vidole utacheza chakacha bila ngoma.

Jambo moja kabla hatujaingia ndani. Mwanafunzi akikwama, mkono wake hukimbilia kitufe cha ampea. Mara nyingi kosa haliko hapo. Umeme unatoka soketini, unapita waya, unaingia kwenye mashine, unakwenda kwenye holda (kishikio cha rodi), rodi, chuma chako, halafu lazima urudi kwenye mashine kupitia kibanio cha ethi. Ni duara. Duara hilo likibanwa mahali, huna mkono mzuri wa kuliokoa. Kwa hiyo kila mara anza kwa kulifuata duara kwa macho na vidole (mashine ikiwa imezimwa), ndipo ulaumu ampea, na mwisho kabisa ujilaumu mwenyewe.

DALILI: RODI INANATA, AU INAWAKA NA KUZIMA

Hili ndilo malalamiko namba moja, na wiki ya kwanza lilinifanya nitake kuirudisha mashine dukani. Jirani yetu mmoja, mzee aliyechomelea meli bandarini miaka mingi, alinisikia nikigombana nayo. Akaja hadi ukutani, hakuangalia mashine wala rodi, akaangalia chini. "Mwanangu," akasema, "hiyo ethi umeibana juu ya rangi. Unataka umeme urudi kwa njia gani, kwa barua?" Nikakwangua rangi kwa grainda, sehemu ndogo tu ya ukubwa wa sarafu, nikabana upya. Rodi ikawaka mara ya kwanza. Nilikuwa nimepoteza siku tatu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Kibanio cha ethi. Kibane kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka king'ae, karibu na pale unapochomea, na si kwenye meza yenye kutu ukitumaini umeme utajipenyeza. Kisha gusa kibanio chenyewe baada ya rodi mbili tatu, mashine ikiwa imezimwa. Kikiwa cha moto kuliko chuma kilicho karibu yake, mguso ni mbaya au ule waya haukukazwa vizuri ndani ya kibanio. Vibanio vinavyokuja na mashine za bei ndogo ni vyepesi mno. Kununua kizito cha shaba ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kununua mashine kubwa zaidi.

2. Ampea ndogo. Rodi ya milimita 2.5 inataka takriban 60 hadi 90. Ya milimita 3.2 (geji 10) inataka kama 90 hadi 130. Kwenye chuma cha milimita 3 au 4 anza na 80. Pakiti ya rodi ina jedwali lake, lisome.

3. Namna ya kuwasha. Usiichome rodi chini kama unayepiga muhuri. Ikwaruze kama kiberiti, halafu iinue kidogo tu, umbali usiozidi unene wa rodi yenyewe. Rodi iliyotumika nusu huwa na kikombe cha dawa kwenye ncha, na chuma kimezama ndani. Igonge taratibu kwenye sakafu kikombe kivunjike.

4. Rodi yenye unyevu. Hapa Pwani hili linapanda ngazi. Nairobi pakiti inaweza kukaa wazi kwenye rafu isidhurike sana. Kwetu, msimu wa masika, siku chache zinatosha. Dalili zake ni dawa inayomeguka ukiikunja rodi kidogo, ncha yenye kutu, mwako unaopasuka kwa kelele kama mafuta yaliyoingia maji, na vitundu kwenye mshono. Kuzianika juu ya mabati jua la saa sita kunasaidia unyevu wa juu juu tu. Kinga ni bora: kata bomba la plastiki la inchi mbili, gundisha kifuniko upande mmoja, upande wa pili weka cha kufungua, tia rodi humo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu. E6013 haipaswi kuokwa kwa joto kali, kwa kuwa dawa yake inahitaji unyevu kidogo. 7018 ndiyo inayotaka tanuri la nyuzi 300 na zaidi, na ndiyo maana nikasema uiweke.

5. Umeme wenyewe ni mdogo. Ukishamaliza hayo manne na rodi bado inanata, hasa jioni mtaa mzima ukiwa umewasha taa na pasi, angalia waya wa ekstensheni. Ule mwembamba wa televisheni haufai. Tafuta wenye nyuzi za shaba za milimita 2.5 za mraba, usiwe mrefu bila sababu, na uukunjue wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto mpaka plastiki ikayeyuka. Mwenye mita ya kupimia apime kwenye soketi mwenzake akiwa anachomea. Stima yetu ni volti 240. Ikishuka chini ya 200 hivi mwako ukiwaka, mashine nyingi ndogo zitaanza kukohoa.

Ukipanda juu ya ampea 100, mashine hiyo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 13 ambazo plagi ya kawaida inaruhusu. Plagi ikiwa ya moto, soketi ikigeuka rangi ya kahawia, au ukinusa plastiki, ACHA. Usibadilishe fyuzi kwa kuweka waya au msumari. Hapo mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi na petroli) akuwekee soketi yenye laini yake na breka yake.

Rodi ikikwama kabisa, ipinde kulia na kushoto kwa nguvu. Ikikataa, fungua taya za holda uiachie hapo, huku kofia ikiwa bado usoni. Wengi huinua kofia ili waone vizuri, ndipo inapoachia na kuwaka mbele ya macho.

DALILI: MSHONO UNAPENDEZA, LAKINI UKIGONGWA UNABANDUKA

Ningeweza kuiweka hii ya kwanza, kwa sababu rodi inayonata inakuudhi tu, ila mshono wa namna hii unamwangusha mtu. Chuma cha rodi kimekaa juu ya chuma chako kama nta ya mshumaa juu ya meza. Kimegusa, hakikushikana.

Sababu kubwa kuliko zote: hujui unachokitazama. Ndani ya kofia unaona mwanga mkali, na jicho linaufuata mwanga. Mwanga hauna habari. Habari iko nyuma yake kidogo. Tazama pale: kuna dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, linang'aa, mpaka wake umekatwa wazi kama tone la maji juu ya sahani. Juu ya dimbwi, kwa nyuma, kuna kitu kingine cheusi-chekundu, kizito, kinachosogea polepole kama malai juu ya chai ya maziwa. Hilo ni gamba likiwa bado majimaji. Mwanafunzi huliona gamba likitanda pande zote mbili za maungio akadhani chuma kimeshika pande zote mbili. Kumbe dimbwi lenyewe liko upande mmoja tu.

Zoezi lake linachosha lakini hakuna njia ya mkato. Chukua bapa la chuma la milimita 4 au 5, lisafishe, piga mistari minyoofu isiyounganisha chochote, rodi kumi, ishirini, ukitazama ukingo wa mbele wa dimbwi tu. Usiunganishe vipande viwili mpaka uweze kusema kwa sauti, ukiwa unachomea, "dimbwi hili hapa, gamba lile pale." Kama huoni kabisa, sababu huwa za kijinga: kioo cha nje cha kofia kimejaa cheche (hubadilishwa, ni rahisi), jua linaingia kwa nyuma ya kofia, au umesimama mbali. Sogea. Mwenye miwani ya kusomea aivae ndani ya kofia.

Sababu zinazofuata, kwa mpangilio: ampea ndogo kwa unene ule, kukimbia, rodi kulazwa mno kiasi kwamba gamba linakimbilia mbele ya dimbwi na wewe unachomea juu yake. Iegemeze nyuzi 15 hivi kuelekea unakokwenda, uivute, usiisukume. Kwenye maungio ya pembe, ielekeze katikati ya vipande viwili. Kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, elekeza moto zaidi kwenye kinene. Na chuma kipya nacho kina ngozi ya kijivu-nyeusi kutoka kiwandani. Inapendeza kama rangi, lakini iondoe kwa grainda pale penye mshono.

Kipimo ni kimoja na ni cha bure. Simamisha kipande juu ya kingine kama herufi T iliyopinduliwa, chomea upande mmoja tu, kiache kipoe chenyewe bila maji, kibane, ukigonge kwa nyundo nzito kiangukie upande wenye mshono mpaka kikunjike au kivunjike. Kikivunjika, soma jeraha. Ukiona uso wa chuma cha chini bado laini na una alama za grainda, hakikuyeyuka kabisa. Ukiona mistari ya kama kioo cheusi, ni gamba lililofungiwa ndani. Ukiona kijivu chenye chembechembe kote, endelea.

Na kuna ile hila ya kujaza pengo kwa vipande vya rodi au msumari, ukachomea juu, ukapaka puti na rangi. Nimeiona kwenye mageti ya fedha nyingi. Kwa fremu ya banda la kuku, sina neno. Kwa kitu kitakachobeba mtu, ni uongo uliopakwa rangi.

DALILI: CHUMA KINATOBOKA

Karibu wote huanza na skwea tyubu (bomba la pembe nne), kwa sababu ndiyo inayotengeneza mageti, madirisha na meza. Basi fahamu kwanza kwamba namba ya geji ikipanda, chuma kinakuwa chembamba: geji 16 ni milimita 1.6 hivi, geji 18 ni 1.2. Usitegemee neno la muuzaji peke yake. Nenda na kipimo cha vernia, au angalau ulinganishe kwa jicho ncha zilizokatwa.

Mara nyingi kosa liko kwenye kukata. Umekata nyuzi 45 kwa mkono, pengo limebaki la milimita tatu, halafu unategemea rodi ilijaze. Kwenye chuma chembamba pengo halijazwi, linapanuka. Rudi kwenye grainda, rekebisha kipande kikae bila kupitisha mwanga. Fundi mzuri anakata kwa dakika kumi na kuchomea kwa mbili.

Likiwa pengo limeziba na bado unatoboa, shusha ampea hadi 50 au 60 na utumie rodi ya 2.5, au ya 2.0 ukiipata. Usipige mstari mmoja mrefu. Weka nukta, katiza, subiri wekundu ufifie ndani ya kofia, weka nukta nyingine ikilalia nusu ya ile ya kwanza. Tyubu iliyosimama wima unaweza kuichomea kuanzia juu kushuka chini. Moto haupenyi sana, na kwa chuma chembamba ndicho unachotaka. Kwa chuma kinene usifanye hivyo, kwa sababu hiyohiyo.

Tundu likishatokea, usilishambulie katikati. Anza ukingoni, nukta moja, gamba litoke, nukta upande wa pili, mpaka likutane. Likizidi ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, kata kiraka.

DALILI: MSHONO UNA VITUNDU KAMA MKATE WA KUMIMINA

Vitundu ni gesi iliyokosa pa kutokea. Uliza kwanza chuma kilikuwa na nini juu yake: rangi, kutu, mafuta, au chumvi. Chuma cha kale cha kutoka kwa wauza skrepa kimelala karibu na bahari, na kutu yake ina chumvi ndani. Brashi pekee haitoshi, tumia grainda mpaka uone mng'ao, inchi moja kila upande. Ukisafisha mafuta kwa kemikali, isiwe ile dawa ya kupulizia ya kusafishia breki yenye klorini. Mvuke wake ukikutana na mwako unaweza kutoa gesi ya sumu inayoua.

Baada ya uchafu, tazama umbali wa rodi. Rodi ikiinuliwa juu, hewa inaingia. Sikio litakuambia: mwako mfupi unasikika kama viazi karai vinavyokaangwa mfululizo, mrefu unapuliza na kukoroma. Kisha unyevu wa rodi, tulishausema. Upepo ni wa mwisho. Rodi inavumilia upepo kuliko mashine za gesi, lakini kusi ikivuma barabara, simama ukiukinga kwa ubao au bati, na usijifungie ndani.

Vitundu vikiandamana na moshi mweupe mzito na unga mweupe kama majivu kando ya mshono, hicho chuma kina zinki. Mabomba ya maji ya kale, mabati, na tyubu zilizochovywa ndizo hizo. ACHA hapo hapo. Zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, chini kabisa ya joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo inageuka mvuke na wewe unauvuta. Saa chache baadaye inakuja homa: baridi, kutetemeka, kichwa, ladha ya chuma mdomoni. Wengi hudhani ni malaria. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja mbili, lakini kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, nenda hospitali na uwaambie ulikuwa unachomea nini. Kuhusu maziwa: kila banda lina mtu atakayekuambia unywe pakiti ya maziwa kabla ya kazi. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Kunywa kama una njaa. Kinga ni kuitoa zinki yote kwa grainda ukiwa na barakoa ya kuzuia chembechembe, kukaa upande unakotoka upepo, na zaidi ya yote kununua chuma kisicho na zinki.

DALILI NDOGO NDOGO ZA MSHONO

Mfereji kando ya mshono: ampea zimezidi, au unapepesa rodi huku na huku bila kutua pembeni. Shusha ampea kumi, tua kidogo kila ukingo. Cheche nyingi zilizonata pande zote: mwako mrefu. Gamba lisilotaka kutoka: mshono una mabonde, au umejaribu kulibandua likiwa bado jekundu. Liache lipoe, na uvae miwani ya kinga, kwa maana kipande cha gamba moto huruka moja kwa moja kuelekea jichoni.

Mshono unaopasuka katikati ukipoa, kwa sauti ya "tik": mara nyingi chuma ndicho chenye neno. Springi ya gari, nondo, shafti au chuma cha kalibu (kilichomiminwa) kama sufuria ya kale si chuma laini. Kiguse na grainda utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu yenye vichipukizi vichache. Chenye kaboni nyingi hutoa fataki zinazopasuka-pasuka. Chuma cha kalibu hutoa cheche fupi nyekundu. Hizo mbili za mwisho si kazi ya E6013 wala ya mwanafunzi.

DALILI: FREMU IMEPINDA

Mshono unapopoa hunywea, na ukinywea unavuta. Kosa ni kumaliza kona moja kabisa kabla ya kushika nyingine. Shika kwanza kona zote nne kwa nukta, pima ulalo kutoka kona hadi kona, na ulalo wa pili. Vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, gonga ule mrefu kwa nyundo ungali na nukta tu. Kisha chomea kidogo kona hii, hamia ya upande wa pili, rudi. Nilitengeneza dirisha langu la kwanza bila kupima ulalo, na mpaka leo paka anaingilia ule upande.

DALILI: MASHINE YENYEWE INAGOMA

Taa ya njano imewaka na feni inazunguka: imechoka kwa joto. Kibandiko kikisema asilimia 60 kwa ampea fulani, maana yake ni dakika sita za kuchomea katika kila kumi, tena asilimia hizo hupimwa kwa joto lililowekwa na mtengenezaji, si lazima liwe la Mombasa mwezi wa Februari. Iache iwake bila kuchomea mpaka taa izime. Usiizime, feni ndiyo inayoipoza.

Feni haizunguki, au mashine imekufa baada ya miezi michache: mara nyingi ni vumbi. Grainda ikifanya kazi karibu, feni inavuta unga wa chuma ndani, unatua kwenye saketi, na hewa yetu yenye chumvi inamalizia. Weka mashine nyuma yako, mita mbili tatu kutoka kwenye grainda, juu ya kiti na si sakafuni. Kila mwezi ichomoe, ipulize kwa hewa kavu kupitia matundu yake. Usifungue boksi. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuanzia hapo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

Breka inaanguka kila ukiwasha: jaribu soketi nyingine, bila ekstensheni. Ikiendelea, acha. Ukisikia ganzi au mtekenyo ukigusa boksi la mashine au meza, ACHA SIKU HIYO HIYO, hata kama ni kidogo. Pengine ethi ya nyumba haipo au waya umechubuka. Glavu zilizolowa jasho zibadilishe, maana holda isiyochomea huwa na volti 60 hadi 80 hivi, na mtu aliyelowa akisimama pekupeku kwenye simenti iliyomwagika maji anakuwa sehemu ya lile duara.

KAZI ZA KUKATAA

Ndugu, jamaa na majirani watakuja. Kataa mtungi wa gesi, hata ule "uliokwisha." Kataa tangi la mafuta la pikipiki na pipa lililofungwa, hata lilooshwa kwa sabuni, mvuke uliobaki unatosha kulipasua. Kataa chasi, usukani na breki za gari, vyuma vya roshani na ngazi, na boti ya mtu anayekwenda bahari kuu. Hizo ni za fundi aliyefaulu majaribio ya NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), daraja la tatu, la pili au la kwanza, na nawe ukitaka kuzifanya siku moja, njia ni hiyo hiyo.

Kataa pia kuchomea chini ya makuti. Cheche ikiingia kwenye makuti makavu haionekani, inakaa, inajifukiza. Popote unapochomea weka ndoo ya mchanga karibu, na ukimaliza kaa pale nusu saa nzima au zaidi, ukinusa.

DALILI: MACHO YANAWASHA KAMA YAMETIWA MCHANGA

Hii haiji ukiwa kazini. Inakuja saa sita au zaidi baadaye, umeshalala. Machozi, maumivu, taa inakuchoma. Sababu ni kuutazama mwako bila kofia, hata mara chache za kuwashia, au kusimama karibu na mwenzako anayechomea. Miwani meusi ya jua haizuii kitu cha maana. Watoto wanaokusanyika kutazama nao wanaumia, kwa hiyo tundika turubai.

Zima taa, lala na kitambaa baridi juu ya macho yaliyofumbwa, toa lenzi kama unavaa, na usisugue. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi mbili. Usitie majani ya chai, maziwa ya mama wala viazi, na usikubali dawa ya kutia ganzi ya matone uende nayo nyumbani. Inaondoa maumivu na kuchelewesha jicho kupona. Ukiona ukungu, jicho moja likiuma kuliko jingine (huenda kuna kipande cha chuma), au siku mbili zimepita bila nafuu, nenda kliniki ya macho. Na mwambie mtu akupeleke, usipande bodaboda ukaendesha mwenyewe.